Sweetwater Clifton: Mchezaji aliyefichwa bei yake mwenyewe

Mwezi wa Mei 1950, timu ya mpira wa kikapu ya New York Knicks ilinunua mkataba wa mchezaji mmoja Mwamerika mweusi kutoka kwa mfanyabiashara wa Chicago. Bei waliyokubaliana ilikuwa dola 12,500. Mchezaji mwenyewe aliambiwa kwamba bei ni dola 5,000 na kwamba wangegawana nusu kwa nusu. Akapokea dola 2,500.

Hesabu halisi aliijua baadaye. Muuzaji alikuwa amebaki na dola 10,000. Yeye mwenye mikono, miguu na jasho alikuwa amepata moja ya tano.

Mtu yeyote anayevusha mzigo mpakani ameshawahi kukutana na hesabu ya namna hii. Anayejua bei ya upande huu na bei ya upande ule, huku mwenye mali hajui hata moja, ndiye anayekula. Ila safari hii mali yenyewe ilikuwa mtu, na mpaka uliovukwa haukuwa wa nchi. Ulikuwa mpaka wa rangi ya ngozi.

Mchezaji huyo ni Nat Clifton, aliyejulikana zaidi kwa jina la Sweetwater, maana yake maji matamu. Leo karibu wachezaji watatu kati ya kila wanne katika ligi ya NBA ya Marekani ni weusi. Katika msimu wa 1949 hadi 1950 hakukuwa na hata mmoja. Maisha ya Clifton yanaonyesha jinsi lango hilo lilivyofunguliwa, nani alikuwa amelishikilia, na waliopita kwanza walipata nini.

Kijana wa Arkansas

Alizaliwa Oktoba 13, 1922, katika jimbo la Arkansas, kusini mwa Marekani. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Clifton Nathaniel. Familia yake haikuwa na kitu. Tangu utotoni alipenda sana vinywaji vitamu vya chupa, na pale ambapo hapakuwa na senti za kununua soda, inasimuliwa kwamba maji yalitiwa sukari. Hapo ndipo lilipotoka jina la Sweetwater, nalo likamfuata hadi kaburini.

Kama familia nyingi za weusi wa enzi hiyo, familia yake ilihama kusini ikaenda kaskazini kutafuta kazi na kukimbia sheria za ubaguzi. Ilifikia Chicago. Huko kijana alisoma katika shule ya sekondari ya DuSable, iliyopewa jina la Jean Baptiste Point du Sable, mfanyabiashara mweusi anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa mji huo. Clifton alikua haraka. Alifikia urefu wa karibu mita 2, na mikono yake ilikuwa mikubwa kiasi kwamba aliushika mpira wa kikapu kama mtu ashikavyo chungwa.

Shuleni alicheza mpira wa kikapu na besiboli, na kote alikuwa hodari. Waandishi wa habari za michezo walipoanza kumwandika, jina Nathaniel lilikuwa refu mno kwa vichwa vya habari. Akaligeuza. Clifton Nathaniel akawa Nathaniel Clifton, kwa kifupi Nat.

Alimaliza shule mwaka wa 1942, akajiunga na Chuo Kikuu cha Xavier mjini New Orleans. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilikuwa imepamba moto. Alichukuliwa jeshini, akatumikia miaka mitatu, ikiwemo Ulaya. Jeshi la Marekani wakati huo liliwatenga weusi na weupe katika vikosi vyao. Aliporudi nyumbani alikuta soko la mpira wa kikapu nalo limetengwa vivyo hivyo.

Soko lenye mnunuzi mmoja

Kabla ya 1950, mchezaji mweusi aliyetaka kulipwa kwa kucheza mpira wa kikapu hakuwa na milango mingi. Kulikuwa na New York Rens, timu ya Harlem iliyoanzishwa mwaka wa 1923 na Bob Douglas, mtu mweusi aliyezaliwa katika visiwa vya Karibi. Rens walizunguka nchi nzima wakicheza na yeyote aliyekubali. Mwaka wa 1939 walitwaa ubingwa wa mashindano ya kwanza ya dunia ya timu za kulipwa, yaliyofanyika Chicago. Clifton alipita kwao baada ya vita.

Lakini kufikia mwisho wa miaka ya 1940, Rens walikuwa wamechoka na mlango uliobaki wazi kwa kweli ulikuwa mmoja: Harlem Globetrotters. Mwenye mlango huo aliitwa Abe Saperstein.

Saperstein mwenyewe alikuwa mtu wa kuhamahama. Alizaliwa London mwaka wa 1902 katika familia ya Kiyahudi iliyotoka Poland, akalelewa Chicago. Alikuwa mfupi, mchangamfu, na mwenye akili ya biashara isiyolala. Timu yake ilitoka Chicago, lakini aliiita ya Harlem ili kila aliyesoma tangazo ajue mara moja kwamba wachezaji ni weusi. Alianza mwishoni mwa miaka ya 1920 akiwabeba vijana wachache kwenye gari, mji kwa mji, baridi na theluji. Miaka 20 baadaye alikuwa na jina lililojaza kumbi kubwa kuliko timu nyingi za ligi.

Haikuwa michezo ya kuchekesha tu. Mnamo Februari 1948, Globetrotters waliwafunga Minneapolis Lakers, timu iliyokuwa na jitu la wakati huo, George Mikan, kwa pointi 61 kwa 59. Mwaka uliofuata waliwafunga tena, na safari hii Clifton alikuwa uwanjani. Kila aliyekuwa na macho aliona kwamba kuwaacha weusi nje ya ligi hakukutokana na kukosa uwezo.

Clifton alijiunga na Globetrotters mwaka wa 1948. Ilisemekana kwamba mshahara wake, dola 10,000 kwa mwaka, ulikuwa mkubwa kuliko wa mchezaji yeyote mweusi wa mpira wa kikapu. Majira ya joto alicheza besiboli katika ligi ndogo ili kuongeza kipato. Ukilinganisha na mshahara wa kiwandani, alikuwa anafanya vizuri. Ila tatizo la soko lenye mnunuzi mmoja linajulikana: hata akikulipa vizuri, bei anapanga yeye.

Kwa nini lango lilifungwa

Ligi ya NBA ilizaliwa mwaka wa 1949 kwa kuunganisha ligi mbili. Moja kati ya hizo, iliyokuwa na timu za miji midogo, ilikuwa imewahi kuchezesha weusi wachache tangu 1942. Nyingine, iliyokuwa na kumbi kubwa za miji mikubwa, haikuwa na mweusi hata mmoja. Katika ligi hiyo ya miji mikubwa, New York Knicks walimsajili Wataru Misaka, Mmarekani mwenye asili ya Japani, mwaka wa 1947. Alicheza mechi 3, akaachwa.

Hakukuwa na kanuni iliyoandikwa ya kuwakataza weusi. Palikuwa na ubaguzi, na juu ya ubaguzi palikuwa na pesa.

Ligi ilikuwa changa na viti vingi vilibaki vitupu. Ili kujaza ukumbi, wenye timu waliwaalika Globetrotters wacheze mechi ya kwanza, kisha timu za ligi zifuate. Watu walikuja kwa wingi, na wengine waliondoka mara tu Globetrotters walipomaliza. Kodi za kumbi zililipwa kwa usiku wa namna hiyo. Saperstein alijua nguvu aliyokuwa nayo, na wenye timu walijua kwamba anajua. Kumchukua mchezaji mweusi ilikuwa ni kumpora bidhaa yake, na akikasirika angepeleka timu yake kwenye kumbi nyingine.

Kwa hiyo Saperstein, ambaye aliwapa mamia ya vijana weusi kazi wakati hakuna mwingine aliyewapa, ndiye pia aliyefaidika kwa wao kukosa pengine pa kwenda. Mambo hayo mawili yote ni kweli, na waliomfahamu walimkumbuka kwa yote mawili.

Mwenye timu ya New York, Ned Irish, alikuwa mtu wa hesabu. Alihitaji mchezaji mrefu wa kupambana na Mikan na wenzake. Kocha wake, Joe Lapchick, alikuwa amecheza dhidi ya Rens miaka mingi nyuma na aliwaheshimu. Irish alimtaka Clifton. Wenzake wakakataa. Kwa simulizi za waliokuwa kwenye vikao hivyo, Irish alitishia kuiondoa New York kwenye ligi kabisa. Ligi bila New York ilikuwa duka bila mlango wa mbele. Kura ikapigwa tena, na inaelezwa kwamba ilipita kwa 6 dhidi ya 5.

Ndivyo kizuizi kilivyoondolewa. Moyo mwema ulikuwapo kwa baadhi yao, lakini kilichogeuza kura ni mnunuzi mkubwa aliyesema kwamba bila mali hii hanunui kitu.

Waliovuka kwanza

Aprili 25, 1950, Boston Celtics walimteua Chuck Cooper, mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA. Siku hiyo hiyo Washington Capitols walimteua Earl Lloyd. Saperstein alikasirika na kutishia kuisusia Boston. Walter Brown, mwenye Celtics, hakurudi nyuma. Baada ya hapo Saperstein akaona kwamba ukuta umepasuka. Mali unayojua utanyang'anywa kesho ni afadhali kuiuza leo. Akamuuza Clifton kwa New York, kwa hesabu tuliyoiona mwanzoni.

Msimu ulifunguliwa. Oktoba 31, 1950, mjini Rochester, Lloyd akawa mweusi wa kwanza kucheza mechi ya NBA. Cooper akafuata siku iliyofuata, na Clifton siku chache baadaye. Mwenzao wa nne, Hank DeZonie, alicheza mechi 5 tu. Mechi ya kwanza ya Lloyd haikuleta vurugu wala vichwa vikubwa vya habari. Hofu yote ya wenye timu, kwamba watazamaji weupe wangekimbia, haikutimia.

Taabu ilikuwa nje ya ukumbi. Katika baadhi ya miji, hoteli hazikuwapokea, au ziliwapokea kwa sharti kwamba chakula wale chumbani. Timu ilikwenda mgahawani, wao wakatafuta mtaa wa weusi. Uwanjani pia walivumilia. Katika mechi moja ya maandalizi dhidi ya Boston, mpinzani mmoja mweupe alimchokoza Clifton kwa maneno ya ubaguzi. Clifton, aliyejulikana kwa upole, alimpiga akaanguka, na wenzake mpinzani waliokuwa wameinuka kuja kusaidia wakafikiri upya na kukaa. Baada ya hapo maneno yalipungua.

Lakini kuna gharama nyingine ambayo haikuonekana. Kwa Globetrotters, Clifton alikuwa msanii wa mpira: aliuficha, aliuzungusha, alipiga pasi bila kutazama. New York hawakumtaka kwa hilo. Walimtaka akabe watu wakubwa, adake mipira inayorudi kutoka kwenye ubao, aache kufunga kwa wengine. Ndivyo walivyotumiwa weusi wa mwanzo wote. Kazi ngumu ya chini yao, sifa ya juu ya wengine. Clifton aliona hivyo na alilalamika, lakini alifanya kazi.

Na alifanya vizuri. Katika misimu yake 3 ya kwanza, Knicks walifika fainali mara 3 mfululizo, 1951, 1952 na 1953. Mara mbili kati ya hizo walipoteza katika mechi ya saba. Kwa misimu yake 8 ya NBA alipata wastani wa pointi 10 na mipira 8 ya ubaoni kwa mechi. Mwaka wa 1957, akiwa na umri wa miaka 34, alichaguliwa katika mechi ya nyota wa ligi kwa mara ya kwanza. Msimu uliofuata alipelekwa Detroit Pistons, na huo ukawa wa mwisho kwake NBA.

Kutoka kidogo hadi wengi

Kwa miaka hiyo yote, idadi ya weusi iliongezeka kwa kubanwa. Haikuandikwa popote, lakini kila mchezaji alijua kwamba timu nyingi ziliweka kikomo cha weusi wawili au watatu. Mwaka wa 1958 St. Louis Hawks walichukua ubingwa wakiwa na kikosi cha weupe watupu. Ilikuwa mara ya mwisho kwa timu ya namna hiyo kuwa bingwa.

Boston ya Bill Russell ilionyesha njia nyingine. Ilichukua ubingwa mwaka baada ya mwaka, na Desemba 1964 ikaanzisha mechi kwa wachezaji watano, wote weusi, kwa mara ya kwanza katika ligi. Mwaka wa 1966 Russell akawa kocha wa kwanza mweusi wa NBA. Timu zilizoshikilia kikomo zilikuwa zinafungwa, na mwenye timu anayefungwa hupoteza wateja. Kikomo kikaisha polepole kwa sababu kilikuwa hasara.

Mwaka wa 1979, New York Knicks, timu ile ile iliyomnunua Clifton, ikawa ya kwanza katika NBA kuwa na kikosi kizima cha weusi. Miaka 29 ilikuwa imepita.

Baadaye lango likapanuka hadi nje ya Marekani. Mwaka wa 1984 Hakeem Olajuwon wa Nigeria aliteuliwa wa kwanza kabisa. Wakafuata Manute Bol kutoka Sudan mwaka wa 1985 na Dikembe Mutombo wa Kinshasa mwaka wa 1991. Sasa ligi ina zaidi ya wachezaji 100 kutoka nje ya Marekani, weusi na weupe, wa Ulaya na wa Afrika. Mwaka wa 2021 Ligi ya Mpira wa Kikapu ya Afrika, inayoungwa mkono na NBA, ilianza Kigali. Wale wafanyabiashara wanaopita Gatuna au Rusumo kwenda Kigali wameuona ukumbi unaochezewa.

Teksi ya Chicago

Clifton hakuvuna sehemu kubwa ya mavuno hayo. Baada ya NBA aliendelea kuzunguka na timu za maonyesho. Mwaka wa 1961 Saperstein, aliyekuwa amenyimwa timu ya NBA mjini Los Angeles, alianzisha ligi yake mwenyewe. Clifton, akikaribia miaka 40, alichezea timu ya Chicago katika ligi hiyo. Wale wawili, mwenye mali na aliyekuwa mali, walikutana tena sokoni. Ligi hiyo ilivunjika mwishoni mwa 1962. Saperstein alifariki mwaka wa 1966.

Goti lilipokataa, Clifton alirudi Chicago akashika usukani wa teksi. Aliendesha kwa miaka mingi, akibeba abiria ambao wengi hawakujua nani yuko mbele yao. Waliomfahamu walisema hakuwa mtu wa kinyongo. Agosti 31, 1990, moyo wake ulisimama akiwa kazini ndani ya teksi. Alikuwa na miaka 67.

Saperstein aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa Mpira wa Kikapu huko Springfield, Massachusetts, mwaka wa 1971. Clifton aliingizwa mwaka wa 2014, akiwa amefariki miaka 24.

Sisi tunaoishi kwa kuvusha mizigo tunajua kwamba mpaka ukifunguliwa, siku ya kwanza anayefaidi ni yule aliyekuwa amekaa langoni akijua bei za pande zote mbili. Wanaokuja nyuma ndio wanaokuta njia nyeupe na bei iliyobandikwa ukutani. Wachezaji wa leo wana mawakala wao wenyewe, na mikataba yao hutangazwa magazetini hadi dola ya mwisho. Hakuna anayeweza kumwambia mmoja wao kwamba ameuzwa 5,000 ilhali ni 12,500. Sweetwater Clifton alipita langoni kabla ya bei kubandikwa. Walioingia baada yake wanapita bila kuulizwa rangi, na bei yao wanaijua.